Ibada au igizo? Kuisikiliza albamu ya roki ya "kishetani" ukiwa Mwanza

Jioni moja mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba alinishika mkono nikiwa napita, akanipa simu ya mwanawe. Kioo kilikuwa na ufa kutoka kona hadi kona, na pembeni yake magamba mawili ya dagaa yalikuwa yamegandia, yanameta. "Mwalimu, wewe ni mtu wa muziki," aliniambia. "Hebu nisikilizie hii, uniambie ukweli. Mwanangu kaingia Freemason?"

Chini ya ule ufa palikuwa na picha ya jalada la albamu. Ni usiku, kuna jengo lenye sura ya kanisa, na juu yake amejitokeza mtu mkubwa mwenye uso wa fuvu na kofia ndefu kama ya askofu. Kijana mwenyewe, aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana, alikuwa amesimama nyuma ya mama yake akitazama miguu. Alinipa shikamoo kwa sauti ya chini sana.

Nafundisha kwaya na napiga kinanda kanisani, na swali hilo nimeshaulizwa mara nyingi. Wazazi wanasikia makelele kutoka chumbani, wanaona picha ya fuvu na msalaba uliopinduliwa, na neno la kwanza linalokuja ni Freemason. Safari hii nimeamua kuandika kwa kirefu. Albamu yenyewe naiona ni kazi nzuri inayostahili kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Lakini pia woga wa yule mama una mizizi yake hapa kwetu Kanda ya Ziwa, na mtu anayeucheka haifahamu historia yetu.

Albamu inaitwa Opus Eponymous. Bendi inaitwa Ghost, inatoka mji wa Linköping nchini Uswidi. Ilitoka Oktoba 2010, ina nyimbo 9 na inachukua takriban dakika 35, pungufu ya muda wa daladala kutoka mjini hadi Kisesa siku yenye foleni. Mwimbaji anavaa mavazi ya Baba Mtakatifu na kupakwa uso wa fuvu, anajiita Papa Emeritus, yaani papa mstaafu. (Jina hilo lilikuwa la kubuni tu, miaka mitatu baadaye, 2013, Benedikto wa 16 alistaafu kweli, na dunia ikapata papa mstaafu halisi.) Wapigaji wengine walifunika nyuso zao na hawakutajwa majina, na kila mmoja alibeba alama ya kitu cha asili: moto, maji, upepo, ardhi na kile ambacho watu wa kale walikiita etha.

Huu ni muziki wa roki nzito, ambao vijana huuita metali. Uzito wake hauko kwenye maneno, uko kwenye sauti. Chukua gitaa la umeme, liunganishe na amplifaya, kisha fungua sauti kupita kiasi mpaka spika ianze kupasuka. Ule mkwaruzo ambao fundi wa redio angekutoza hela kuuondoa, watu wa roki wanautafuta kwa makusudi. Juu ya mkwaruzo huo gitaa linarudiarudia sentensi fupi ya noti chache, ambayo wanamuziki huiita rifu. Waliokulia kwenye muziki wa dansi wanalijua jambo hili kwa namna nyingine: ule mzunguko wa gitaa kwenye sebene unaokaa kichwani siku nzima. Tofauti ni kwamba sebene inakuinua ucheze, na rifu nzito inakukandamiza chini kama mzigo wa gunia.

Lipo pia suala la mambo ya giza: mashetani, wachawi, maagano, ibada za usiku. Hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa, kwa sababu jambo hilo likitajwa hawaulizi tena limetajwa kwa namna gani. Kuna anayefanya ibada, kuna anayesimulia ibada, na kuna anayeigiza ibada jukwaani mbele ya watu waliolipa kiingilio. Hawa ni watu watatu tofauti.

Fikiria igizo la Ijumaa Kuu parokiani. Kila mwaka kuna kijana anayechaguliwa kuwa Yuda. Anambusu Yesu shavuni, anapokea vipande vya fedha, akina mama mbele wanamsonya na wengine wanalia kabisa. Jumapili ya Pasaka yuleyule Yuda amevaa kanzu nyeupe anaimba besi kwenye kwaya yangu, na hakuna anayemkimbia. Tunajua kutofautisha, tena tunajua sana. Lakini msanii wa filamu za Bongo akiigiza mchawi vizuri, akipita sokoni wapo watakaomtukana. Maana yake ni kwamba uwezo wa kutofautisha tunao, ila unategemea kama tunamfahamu aliye nyuma ya vazi. Yuda wa parokiani tunajua nyumba yao. Papa Emeritus hatujui kwao.

Basi tumwangalie. Aliye nyuma ya fuvu lile ni Tobias Forge, mzaliwa wa Linköping. Kwa miaka mingi alijificha. Jina lake lilikuja kuthibitishwa hadharani 2017, tena kwa njia ya kawaida kabisa: wanamuziki wake wa zamani walimpeleka mahakamani wakidai mgao wao wa mapato. Mwaka 2018 mahakama ya Linköping ikampa yeye ushindi. Nilipomweleza yule mama habari hii alitulia kidogo. Ugomvi wa mgao anaujua vizuri, kila siku anauona ufukweni kati ya mwenye mtumbwi na wavuvi.

Na mapambo yale yana kazi gani? Watu wa kwetu hawahitaji kwenda Uswidi kulipata jibu, waende Bujora pale Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement. Wasukuma wana vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinavyotokana na waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha. Katika mashindano yao vyama vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja uwanjani kwake, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Watu wanahama kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine kama maji. Ndiyo maana wachezaji wakabuni mavazi ya ajabu, viinimacho, sanamu za kutisha. Wapo Bayeye wanaocheza na nyoka, chatu mzima shingoni, na mtazamaji anarudi nyuma hatua tatu halafu anasogea mbele nne. Anaogopa na hataki kuondoka. Huko Marekani mwimbaji wa roki Alice Cooper alipanda jukwaani na nyoka shingoni miaka ya 1970, na kabla yake, miaka ya 1950, Mmarekani mweusi aitwaye Screamin' Jay Hawkins alikuwa akianza onyesho kwa kutoka ndani ya jeneza. Wote hao walikuwa wanavuta umati.

Sitaki kulifanya jambo hili jepesi kuliko lilivyo. Katika Bagika na Bagalu dawa ya kuvuta watu ilikuwa dawa kweli kwa walioitumia, waliiamini. Kwa hiyo huwezi kusema kila nyoka jukwaani ni mchezo mtupu. Lazima uulize kila mara: huyu anaamini, anasimulia, au anaigiza?

Sasa turudi kwenye sauti, maana wengi wananiambia, "Mwalimu, hata bila kuelewa maneno, ule mlio wenyewe si wa Mungu." Nawaelewa. Mlio ule umetengenezwa ili usikie hivyo, na naweza kuonyesha umetengenezwaje.

Mwambie mwanakwaya yeyote aimbe fa, kisha apande moja kwa moja hadi ti. Atayumba. Kati ya fa na ti kuna hatua tatu nzima, na sauti hizo mbili zikigongana sikio linahisi jambo halijakwisha, kama mlango ulioachwa wazi usiku. Walimu wa muziki wa zamani Ulaya waliwakanya wanafunzi wao wasiutumie mruko huo ovyo, na wakaupa jina la Kilatini lenye maana ya shetani ndani ya muziki. Kutokana na jina hilo ukazaliwa uvumi kwamba Kanisa liliupiga marufuku na kuwaadhibu waliouimba. Hakuna ushahidi wa marufuku hiyo. Lilikuwa onyo la ufundi tu, kama ninavyowakanya sauti ya pili wasiburute noti za mwisho. Hata nyimbo zetu za kanisani zina fa na ti ndani ya kodi moja, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, kila Jumapili, ila tunazituliza haraka kwa kurudi do.

Bendi ya Black Sabbath ya Birmingham, Uingereza, iliamua kutozituliza. Albamu yao ya kwanza ilitoka Ijumaa, tarehe 13 Februari 1970. Wimbo wa kwanza unaanza kwa mvua na kengele, kisha gitaa linapiga noti tatu polepole: ya chini, ileile ya juu, kisha inayoangukia katikati kabisa ya hizo mbili. Hiyo ya katikati ndiyo ule mruko wa hatua tatu nzima. Inaachwa ining'inie. Kwa noti tatu tu muziki mzima wa aina hii ukapata lugha yake.

Na ule unene wa gitaa lao ulitoka wapi? Tony Iommi, mpiga gitaa, alikuwa kijana wa kiwandani, akifanya kazi na mabati. Akiwa na miaka 17, siku aliyokuwa amepanga iwe ya mwisho kazini, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, kile cha kati na cha pete. Yeye hupiga kwa mkono wa kushoto, hivyo vidole hivyo ndivyo vya kubania nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akatengeneza vifuniko vidogo vya kuvaa vidoleni, akaanza upya. Baadaye, kufikia albamu ya 1971, akawa analegeza nyuzi ili zisimuumize, na nyuzi zilizolegea zikatoa sauti nzito ya chini. Hapa Mwanza tunao watu wengi walioacha vidole viwandani. Nikiusikia muziki huu namfikiria yule kijana na kipande cha plastiki juu ya mshumaa wa matumaini yake, na siwezi kuuita mlio wa shetani.

Hata jina la bendi lilitokana na filamu ya kutisha. Waliona watu wakipanga foleni kulipa ili watishwe, wakasema: basi na sisi tufanye muziki unaotisha. Misalaba waliyovaa shingoni ilitengenezwa na baba yake Ozzy Osbourne, mwimbaji wao. Ozzy alifariki Julai 2025, wiki chache tu baada ya onyesho lao la mwisho mjini kwao.

Ghost walikuja miaka 40 baada ya albamu ile ya kwanza, na walichofanya ni kuchukua lugha hiyo na kuiweka ndani ya nyumba ya kanisa. Hapa ndipo ninapoipenda Opus Eponymous kama mpiga kinanda. Inafunguka kwa kinanda cha kanisa peke yake, dakika moja na nusu hivi, kama maandamano ya kuingia. Hakuna gitaa, hakuna ngoma. Kipande kinaitwa Deus Culpa, Kilatini kilichogeuzwa: badala ya binadamu kukiri kosa lake, kosa anatwikwa Mungu. Kisha besi inaingia, peke yake kwanza, nene, na wimbo wa pili unaanza kwa kumwita Lusifa waziwazi. Sifichi jambo hilo. Maneno yake ni ya kukufuru, na anayesema albamu hii haina ushetani ndani yake hajaisikiliza. Mpango mzima ni misa iliyopinduliwa: palipo Mungu wanamweka adui yake, na hadithi inasonga mpaka mwanamke anabeba mimba ya mpinga Kristo. Wimbo wa mwisho, Genesis, hauna mwimbaji.

Lakini sikiliza anavyoimba. Hapigi ukelele wala hangurumi. Anaimba laini, taratibu, karibu ananong'ona, na tuni zake ni tamu kiasi kwamba kwaya ya watoto ingezishika kwa mazoezi mawili. Humo ndimo ulimo ufundi wa albamu. Kama angenguruma, kila mtu angejua ni mnyama na kukaa mbali. Ameimba kama padre mpole anayesoma matangazo, na kibwagizo cha wimbo uitwao Ritual kinakunasa kabla hujatafakari unachokiimba. Igizo linakufundisha kitu kuhusu sikio lako: tuni nzuri inaweza kubeba mzigo wowote. Tangu niisikie nimekuwa mkali zaidi kwa nyimbo za kwaya. Siku hizi nawauliza waimbaji wangu kama wameyasikia maneno wanayoyaimba, na mara nyingi jibu ni kwamba wanaijua tuni tu.

Mapungufu yapo. Jina la shetani linatajwa mara nyingi mpaka linapoteza makali, kama pilipili iliyozidi. Sauti ya mwimbaji ni nyembamba, na kwenye nyimbo mbili tatu za katikati magitaa yanammeza. Na dakika 35 ni chache kwa hadithi kubwa kiasi hicho. Unahisi ibada imekatishwa. Albamu zao za baadaye zina upana zaidi. Wimbo wao Cirice kutoka albamu ya 2015 ulipata tuzo ya Grammy mwaka 2016, na albamu ya 2025, Skeletá, ilifika namba moja kwenye chati ya albamu Marekani. Bado ile ya kwanza ndiyo iliyobana wazo lote mahali pamoja, na ningempa anayeanza hiyohiyo.

Kuna wimbo mmoja ambao ningependa watu wa huku wautazame kwa makini, unaitwa Elizabeth. Unamhusu Elizabeth Báthory, mwanamke wa ukoo mkubwa wa Hungaria aliyeshutumiwa kuua wasichana waliomtumikia, akafungiwa ndani ya ngome yake mpaka alipofariki mwaka 1614. Watu wanamkumbuka kama mwanamke aliyeoga damu ili asizeeke. Habari ya kuoga damu ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1729, zaidi ya miaka 100 baada ya kufa kwake. Mashahidi wa wakati wake walisema mengi ya kutisha, ila hilo la kuoga halikuwemo. Mdomo ulipita juu ya kaburi lake, ukaongeza.

Midomo ndiyo inayonirudisha kwenye Freemason. Freemason ni chama cha udugu cha watu wazima chenye desturi za siri, ambacho uongozi wake wa kwanza wa pamoja uliundwa London mwaka 1717. Tanzania kipo, na marehemu Sir Andy Chande, mfanyabiashara aliyejulikana nchi nzima, alizungumza na magazeti bila kificho kuhusu uanachama wake. Illuminati ni kitu kingine kabisa: kikundi kilichoanzishwa Bavaria, Ujerumani, mwaka 1776, kikapigwa marufuku kabla hata ya kutimiza miaka kumi. Unaweza kuwa na hoja zako dhidi ya chama cha siri, na makanisa mengi yanazo. Ila kununua albamu hakukuandikishi popote, kama vile kusikiliza wimbo wa Simba hakukupi kadi ya uanachama.

Uvumi mwingine unaosambaa kwenye simu ni kwamba ukiucheza wimbo wa roki kinyumenyume unasikia amri za shetani. Tulipokuwa watoto, gari moshi kwetu lilikuwa linasema "tumbaku na sigara, tumbaku na sigara". Aliyekwisha kuambiwa hivyo hawezi kusikia kingine. Sikio hufanya hivyohivyo na sauti iliyogeuzwa: ukiambiwa kwanza maneno utakayoyasikia, utayasikia, usipoambiwa, utasikia mavurugano. Wapo wanamuziki waliowahi kuweka sauti za kinyume kwa makusudi, kama urembo. Swali ni kama zinaweza kumtawala msikilizaji, na swali hilo lilifika mahakamani Nevada, Marekani, mwaka 1990, familia za vijana wawili waliojipiga risasi zilipoishtaki bendi ya Judas Priest. Jaji alisikiliza yote, akaitupa kesi. Msiba wa familia zile ulikuwa wa kweli, na hilo lisisahaulike, lakini wimbo haukuthibitika kuwa chanzo.

Je, kila bendi ya aina hii ni igizo tu? Hapana, na hapa mzazi ana haki ya kuuliza zaidi. Norwe mwanzoni mwa miaka ya 1990 kundi dogo la vijana wa metali lilivuka mstari. Juni 1992 kanisa la kale la mbao la Fantoft, karibu na mji wa Bergen, liliteketea, na mengine yakafuata. Mwaka 1994 mwanamuziki mmoja wa kundi hilo alihukumiwa kifungo cha miaka 21 kwa mauaji na kwa kuchoma makanisa. Hao hawakuwa na kiingilio wala pazia. Kijana akikwambia anaipenda bendi fulani, muulize inafanya nini taa zikizimwa. Ya kina Forge, taa zikizimwa, inagombana kuhusu hela kama bendi yoyote.

Hata upande wa pili wa ziwa letu mjadala huu ulishafika. Pale Jinja, Uganda, tamasha la Nyege Nyege liliwahi kutangaziwa marufuku na waziri wa maadili mwaka 2018, kisha likaruhusiwa kwa masharti. Watu walewale wa Nyege Nyege ndio waliotoa mwaka 2020 albamu ya Duma, vijana wawili wa Nairobi wanaopiga muziki mkali kuliko Ghost mara kumi. Kwa hiyo muziki huu umeshakuwa wa huku pia.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nisimjibu yule mama haraka.

Uswidi wanaweza kumweka mchawi jukwaani wakacheka kwa sababu kwao kidonda kimepona, na kilikuwa kidonda kikubwa. Mwaka 1675, katika parokia ya Torsåker, watu 71 waliuawa kwa siku moja kwa tuhuma za uchawi. Wengi wao mno walikuwa wanawake. Ushahidi ulitoka kwa watoto waliosema wamechukuliwa usiku kwenda kwa shetani. Wavulana wawili walisimamishwa mlangoni mwa kanisa ili, waumini wakiingia, waonyeshe kwa kidole nani ana alama ya uchawi usoni, alama ambayo wao tu ndio walioiona.

Msomaji wa Magu, Kwimba au Geita akisoma habari ya wavulana wale haoni historia ya Ulaya, anaona lambalamba, wale wanaozunguka vijijini kusaka wachawi. Anaona mpiga ramli chonganishi amefika kijijini, na kidole kinatafuta pa kutua. Sisi tuna sheria ya uchawi tangu 1928. Tumepitia mauaji ya watu wenye ualbino, mpaka Januari 2015 Serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Na tumepitia, kwa miaka mingi, mauaji ya vikongwe, bibi zetu wenye macho mekundu. Macho yale yamewekwa mekundu na moshi. Mtu aliyepika miaka 60 kwa kuni mbichi na kinyesi cha ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na dirisha, atakuwa na macho ya rangi gani?

Kwa hiyo neno lilelile, mchawi, ni vazi la jukwaani Linköping, na huku ni hati ya kifo. Ndiyo maana hatuwezi kuichambua albamu hii kwa sikio la Mswidi peke yake. Kama kazi ya sanaa, naipa alama za juu. Nikiulizwa ipigwe wapi na kwa sauti gani, hapo nataka kujua kwanza majirani ni nani.

Nilimweleza yule mama haya kwa kifupi, tumekaa juu ya magunia, jua linazama upande wa ziwa. Tukasikiliza pamoja, kijana, mama na mimi, simu imewekwa katikati. Kinanda kilipoanza mama alinyanyua kichwa. "Huyu kasomea kanisani," alisema. Kwenye wimbo wa pili alikunja uso mpaka ukaisha. Kwenye Ritual niliona kidole chake kinagonga gunia taratibu, akakizuia.

Halafu akaniambia kilichokuwa kinamsumbua tangu mwanzo. Wiki inayofuata kijana anakwenda Magu kumsaidia bibi yake kuvuna mpunga. Bibi anaishi peke yake. Macho yake ni mekundu. Mwaka juzi mtoto wa jirani aliugua, na tangu hapo kuna nyumba mbili hazimsalimii.

"Mimi hao Wazungu na vinyago vyao siwaogopi, Mwalimu," alisema. "Huyu ana spika. Kule anaipiga usiku kwa sauti, mpaka barabarani wanasikia."

Kijana hakuwa amelifikiria hilo, niliona usoni mwake. Alikaa kimya kidogo. Kisha akafungua begi lake, akatoa spika ndogo nyeusi ya bluetooth, akaiweka kwenye mapaja ya mama yake, juu ya khanga yenye harufu ya dagaa. "Kaa nayo mpaka nirudi," alisema. "Nina visikilizio."